Arobaini ya Taa ya Mama: Kabla ya Kunitoza, Niulize



Natumaini mitihani haijawamaliza. Na wale wageni wa muhula huu ambao bado wanapigana na joto la Muscat, poleni. Mtazoea. Sisi wenzenu tulilia hivyo hivyo, leo tunakunywa chai ya moto saa nane mchana kama wenyeji.

Mhariri aliniomba niandike kitu kuhusu barabara, kwa kuwa ndiyo fani yangu. Nikasema sawa. Lakini nilipokaa kuandika nikagundua kwamba jambo linalonikera kuhusu barabara zetu kule nyumbani si lami wala kokoto. Ni hela. Na zaidi ya hela yenyewe, ni namna inavyotoka mfukoni mwetu bila mtu kutuuliza. Kwa hiyo leo naomba tuzungumze kodi na tozo za barabara. Usifunge ukurasa tafadhali, nitajitahidi isiwe kama hotuba ya bajeti.

Riali moja ya basi

Naanza na sisi wenyewe hapa Bawshar. Waliokuwepo wanaukumbuka ule ugomvi wa riali moja. Kamati ilikaa, ikaona tunahitaji basi la kukodi kwa safari za jumuiya, ikaongeza riali moja kwenye ada ya kila mwanachama. Sisi tukasikia kwenye tangazo tu. Jamani, kelele zilizotokea! Wengine walikataa katakata, wengine walilipa huku wamenuna, na kuna mmoja (anajijua) alisema eti yeye ana gari lake, basi la nini. Mimi pia nilinuna. Si kwamba riali moja ingeniua, ni hela ya sahani ya wali na kuku pale Ghubra. Kilichonikera ni kuambiwa kama mtoto.

Muhula uliofuata kamati ikabadili mtindo. Ikatoa karatasi moja: tunaomba riali moja kwa kila mtu, kwa muhula huu mmoja tu, basi litatupeleka Nizwa, litatupeleka Sur, na litapokea wageni uwanja wa ndege, hesabu zitabandikwa ubaoni, hela ikibaki inarudi kwenye mfuko. Chini kulikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Tukapiga kura. Ndiyo ikashinda. Lakini kilichonishangaza ni kwamba hata waliosema hapana walilipa. Nilimwuliza mmoja wao, yule yule mwenye gari, akanijibu: "Nimeshindwa, lakini niliulizwa."

Naomba mlishike neno hilo, nitalirudia.

Mama na mafuta ya taa

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga. Anayeijua Muheza anajua machungwa. Mama yangu ana miti yake, si mingi, lakini ndiyo iliyonisomesha. Barabara ya kutoka kijijini kwetu hadi mjini ni ya udongo. Masika ikishika, magari ya wachuuzi hayapandi. Machungwa yanaiva, yanaanguka, yanaoza chini ya mti, wakati huo huo Dar es Salaam watu wanayatafuta kwa bei. Sina wa kumlaumu kwa mvua. Nasema tu kwamba nilisomea barabara kwa sababu ya machungwa yale.

Julai 2017 nilikuwa nyumbani likizo. Bajeti ya mwaka ule, iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Mjomba wangu mwenye Noah alishangilia kama vile timu yake imechukua ubingwa. Ila pengo la hela lilibidi lizibwe, na likazibwa kwa kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Mafuta ya taa! Mama hajawahi kumiliki hata baiskeli. Enzi hizo usiku alikuwa anawasha chemli. Aliposikia habari ile redioni aliniuliza mimi msomi wake: "Mwanangu, hiyo arobaini yangu ya taa inatengeneza barabara ipi?"

Nikajitutumua. Nikamweleza habari ya uchakachuaji, kwamba mafuta ya taa yakiwa rahisi kuliko dizeli, wajanja wanayachanganya, injini za watu zinakufa, ndiyo maana ushuru wake hupandishwa pamoja na wenzake. Ni hoja ya kweli, na serikali ilikuwa inaitoa tangu miaka ya nyuma. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. Kisha akasema: "Nimekuelewa. Sasa barabara ipi?"

Nilishindwa kumjibu. Mpaka leo nina deni la jibu lile.

Sipingi tozo

Nisieleweke vibaya. Sipo kwenye kundi la wanaosema kodi zote ni wizi. Barabara ni kama nyumba ya makuti, usipoitengeneza kidogo kidogo kila mwaka, siku moja utaijenga upya. Maji yakiingia kwenye ufa mdogo wa lami yanalainisha tabaka la chini. Lori likipita juu, ufa unakuwa shimo. Ufa ule ungezibwa kwa ndoo moja ya lami. Shimo lile baada ya masika mbili linataka greda, kifusi na mkandarasi. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kuhusu nchi 85 zinazoendelea. Ilisema barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilipotea kwa kukosa matunzo, wakati matunzo yenyewe yangegharimu chini ya dola bilioni 12. Yaani tulibana shilingi moja tukapoteza karibu nne.

Kwa sababu hiyo miaka ya 1990 nchi nyingi za Afrika zilianzisha mifuko ya barabara inayolishwa na tozo ya mafuta. Wa Tanzania ulipata sheria yake mwaka 1998. Wazo lilikuwa zuri: anayetumia barabara anaichangia kila anaponunua lita, na hela inakaa pembeni badala ya kupotelea kwenye kapu kubwa la hazina. Mwaka 2021 Tanzania iliongeza shilingi 100 kwa lita, na lengo lilitajwa wazi kuwa barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Kama mtoto wa barabara ya udongo, nilipiga makofi. Mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa lita, safari hii kwa ajili ya miradi ya kimkakati, na huko ni kuzito zaidi, maana neno "kimkakati" linabeba kila kitu.

Kwa hiyo ugomvi wangu si tozo. Ugomvi wangu ni kwamba katika hatua zote hizo mama hakuulizwa hata mara moja. Najua mtaniambia kuna wabunge, ndio wanaoulizwa kwa niaba yetu. Sawa. Lakini mbunge anapigiwa kura kwa mambo mia: maji, shule, ukoo, fulana. Mwananchi hana mahali pa kusema, "Mheshimiwa nakupenda, ila hii arobaini hapana."

Ami na barabara za Oman

Kuna mzee mmoja hapa Bawshar tunayemwita Ami. Ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kinatuaibisha sisi wa bara. Tunakaa naye kwenye mkahawa, tunapiga karak, yeye anatupa hadithi. Nilipomweleza habari hii alicheka.

"Mwanangu, nyinyi mnajisumbua," akasema. "Mimi nimekuja hapa mwaka sabini na mbili. Barabara ya lami ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Leo tazama. Nani aliulizwa? Hakuulizwa mtu. Barabara hizo!"

Na kweli, ukisimama juu ya daraja la waenda kwa miguu Barabara ya Sultan Qaboos, magari yanapita chini kama maji, huwezi kumbishia. Nchi hii mwaka 1970 ilikuwa na kilomita kama kumi tu za lami. Sasa unatoka Muscat mpaka Salalah, kilomita kama elfu moja, hukanyagi udongo. Na hata sisi tusio na magari, tangu Novemba 2015 tuna mabasi mekundu ya Mwasalat. Waliotutangulia hapa wanasimulia walivyokuwa wanapungia teksi za chungwa na nyeupe juani mpaka mkono unachoka.

Nilikaa na hoja ya Ami siku kadhaa. Jibu langu ni hili: Ami, waliolipia barabara zile si nyinyi. Ni mafuta yaliyo chini ya jangwa. Hadi mwisho wa 2015 lita ya petroli ya super hapa ilikuwa baisa 120, serikali inafidia kilichobaki. Mtu haulizwi kuhusu hela isiyotoka mfukoni mwake. Kwetu hakuna kisima kinacholipa. Kwetu kisima ni abiria wa daladala Mbagala, ni mama wa Muheza, ni kijana wa bodaboda Kisumu. Hao ndio mafuta yetu. Na mfuko wa mtu, tofauti na kisima, una mwenyewe.

Nikamkumbusha pia kwamba hata hapa mambo yanabadilika. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ilianza Aprili 2021, na Juni 2025 ilitolewa sheria ya kodi ya mapato ya asilimia 5 kwa anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, ianze 2028. Mimi ni mgeni, mambo ya wenyeji siyatolei fatwa. Nilimwambia hilo tu. Ami akanywa karak yake, akasema, "Ehe." Na Ami akisema "ehe" ujue hajakubali lakini anafikiri.

Ilitoka mlangoni ikaingia uani

Dada yetu mmoja kutoka Mombasa alikuwepo siku ile, akasema, "Nyinyi Watanzania mwalia na arobaini. Njooni kwetu muone."

Akatukumbusha ya 2024. Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka ule ulikuwa na kodi mpya ya magari, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wakapiga kelele mtandaoni, kodi ile ikaondolewa katikati ya Juni. Hayakuishia hapo. Tarehe 25 Juni watu waliingia barabarani, wengine hawakurudi makwao, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini mswada mzima. Vijana wa Kenya walilipia jibu lile kwa damu.

Halafu Julai hiyo hiyo tozo ya matengenezo ya barabara kwenye mafuta ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, kwa tangazo la kisheria, sio kwa mswada. "Ilitoka mlangoni ikaingia uani," dada akasema. Na mwaka uliofuata, 2025, zile shilingi saba za nyongeza zikawekwa rehani ili zipatikane hela za kuwalipa makandarasi waliokuwa wanadai madeni ya barabara za nyuma.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kulipa makandarasi ni haki yao. Mkandarasi asiyelipwa anaacha barabara nusu, nimeona kwa macho. Inawezekana kabisa kwamba Mkenya angeulizwa, "Toa shilingi saba kwa lita tumalize barabara hizi zilizokwama, majina yake haya," angesema ndiyo. Lakini jina lililoandikwa kwenye tozo ni matengenezo, na hela ikaenda kwenye deni. Huo ndio mwanzo wa mtu kuacha kuamini hata tozo ya kweli.

Na Kenya ina Katiba nzuri kuliko wengi wetu katika hili. Kifungu cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma yawe ya uwazi na wananchi washirikishwe. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa batili, na upungufu wa ushirikishwaji ulikuwa moja ya sababu. Oktoba hiyo hiyo Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wake. Yaani majaji wenyewe wanavutana: kumshirikisha mwananchi maana yake nini hasa? Kumwalika ukumbini asubuhi ya siku ya kazi? Kumpa barua pepe ya kutuma maoni? Mimi nina jibu la mtu wa kawaida. Kumshirikisha ni kumpa kisanduku cha ndiyo na hapana.

Wanaouliza

Kuna mahali wanafanya hivyo. Marekani, miji mingi haiwezi kuongeza kodi ya usafiri bila kuipeleka kwenye kura siku ya uchaguzi. Los Angeles mwaka 2008 iliwauliza wakazi wake: mtakubali nusu senti zaidi kwa kila dola ya manunuzi, kwa miaka 30, kwa ajili ya reli, mabasi na barabara? Sheria ya California ilitaka theluthi mbili waseme ndiyo. Wakasema ndiyo asilimia 67.9, yaani wamepita kwa unywele. Mwaka 2012 wakaulizwa warefushe muda wa kodi ile. Ikapata asilimia 66.1, ikaanguka kwa chini ya asilimia moja. Fikiria, theluthi mbili kasoro kidogo wanataka, na bado jibu ni hapana! Mwaka 2016 wakarudi na orodha mpya na nusu senti nyingine, wakapata asilimia 71.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Nashville. Mwaka 2018 mji ule ulileta mpango mkubwa wa reli, na handaki chini ya katikati ya mji. Karibu asilimia 64 walikataa. Hapo kwetu tungesema wananchi hawaelewi maendeleo. Wao walirudi mezani. Novemba 2024 wakaleta mpango mwingine: njia za watembea kwa miguu, taa za barabarani, mabasi ya mara kwa mara usiku na mchana, kwa nusu senti. Karibu theluthi mbili wakakubali. Mimi kama mhandisi nakiri kwamba ile hapana ya kwanza ilifanya kazi ambayo sisi wataalamu hatukuifanya. Iliwalazimisha wachoraji ramani wawaulize watu wanatembeaje.

Na kukataa si ubahili tu. Waswisi mwaka 2017 walikubali kwa kura mfuko wa kudumu wa barabara kuu. Novemba 2024 watu wale wale wakakataa upanuzi wa barabara hizo. Wanajua kutofautisha.

Nimesikia mnanong'ona

Najua hoja zenu, tumeshabishana sana pale sebuleni.

Kwanza, mtasema watu wetu hawatakubali kodi yoyote, ukiwauliza watasema hapana tu. Jibu langu ni kisa cha riali yetu, na Nashville. Watu wanakataa kitu wasichokiona. Ukiwaonyesha orodha, wanafikiri.

Pili, mtasema watu wetu hawajui kusoma mambo magumu ya fedha. Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote. Kenya mwaka 2005 ilipiga kura ya maoni juu ya katiba nzima kwa alama ya ndizi na chungwa. Ndizi ni ndiyo, chungwa ni hapana, na chungwa likashinda. Mwaka 2010 wakapiga tena, wakapitisha katiba. Zanzibar tarehe 31 Julai 2010 ilipiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, theluthi mbili wakasema ndiyo. Watu wanaoweza kuamua muundo wa serikali watashindwa kuamua shilingi 40? Mama yangu anajua bei ya chungwa shambani, bei yake Muheza mjini na bei yake Dar, kwa kichwa. Mwacheni.

Tatu, na hii naikubali ina uzito: wengi wanaweza kuwaonea wachache. Ukiuliza nchi nzima, mjini kuna watu wengi, watachagua barabara za mjini, na kijiji chetu kitabaki na tope. Ni kweli. Atlanta mwaka 2012 watu wa kaunti kumi waliulizwa pamoja kuhusu orodha ya miradi 157, kila mtu akaona ya mwenzake tu, na zaidi ya asilimia 60 wakakataa. Ndiyo maana mimi sisemi tupige kura ya nchi nzima. Nasema wilaya kwa wilaya. Muheza iulizwe ya Muheza.

Nne, gharama ya uchaguzi. Kuitisha kura peke yake ni ghali, sibishi. Basi swali likae kwenye karatasi ya siku ile ile ambayo watu wanapiga kura nyingine. Karatasi moja zaidi si mwisho wa dunia.

Swali lenyewe liwe la kweli

Hapa naomba niingize uhandisi kidogo, vumilieni. Kuuliza hakutoshi kama swali limefichwa nusu. Swali kubwa la tozo za barabara ni nani anaiharibu barabara na nani analipa.

Miaka ya 1958 hadi 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa kule Illinois. Walijenga vipande vya barabara wakaviendeshea malori mchana na usiku ili waone vinakufaje. Walichokipata kinafundishwa mpaka leo: uharibifu unapanda kwa takribani nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Kwa Kiswahili cha sokoni, ekseli ya tani kumi haiharibu mara kumi kuliko ekseli ya tani moja. Inaharibu kama mara elfu kumi. Wakati huo huo lori linakunywa mafuta labda mara tano kuliko gari dogo. Kwa hiyo kwa tozo ya mafuta linalipa mara tano, linaharibu mara maelfu. Tofauti ile inalipwa na nani? Na mwenye gari dogo, abiria wa daladala, na mama mwenye chemli ambaye haharibu hata sentimita moja ya lami.

Mtu atasema ukimbana mwenye lori, unga utapanda bei. Kweli, utapanda. Ndiyo maana ni swali la kuulizwa watu, si la kuamuliwa na mhandisi peke yake wala waziri peke yake. Mimi nitakupa hesabu ya ekseli. Kuamua kama bora unga upande au mafuta ya taa yapande, hiyo si hesabu ya chuo. Hiyo ni hesabu ya jikoni, na mwenye jiko anajua zaidi yangu.

Basi pendekezo langu ni dogo. Tozo yoyote mpya ya usafiri ije na mambo manne yaliyoandikwa. Kiasi gani, na nani analipa. Barabara zipi, kwa majina, sio "miradi mbalimbali". Mpaka lini. Na nani atakagua, hesabu zibandikwe wapi. Mimi nasema zibandikwe kwenye kila kituo cha mafuta cha wilaya, hapo hapo unapolipia. Kisha wilaya moja au mbili zijaribu kuuliza kwa kura. Zikikubali, watu wataona barabara yao ikitengenezwa na kura yao. Zikikataa, wataalamu turudi mezani kama Nashville. Na hata kama kura itachelewa kuja, yale manne yanaweza kuanza kesho, hayahitaji katiba mpya.

Sisi tunahusika vipi? Ndugu zangu, wengi wetu tutarudi. Wengine mtakaa kwenye ofisi zinazopanga tozo hizi, wengine mtachora barabara kama mimi. Siku hiyo utakuwa na haraka, bajeti inafungwa, na kuuliza watu kutaonekana ni kupoteza muda. Ukumbuke ulivyonuna kwa riali moja.

Mama siku hizi ana umeme, chemli ipo juu ya kabati. Nilipompigia mwezi uliopita nilimsomea kwa simu nilichoandika hapa. Nikamwuliza, kama wangemletea karatasi, shilingi 40 kwa lita, barabara ya kijijini kwetu mpaka Muheza, miaka mitano, angejibu nini? Alinyamaza kidogo, anapiga hesabu zake. Kisha akasema angetaka kwanza kujua kama wataweka kalvati pale kwenye mteremko wa mto, maana bila kalvati ni kazi bure.

Nimepima mteremko ule kwenye ramani. Ana haki. Bila kalvati ni kazi bure.

Nawasilisha. Mwenye hoja kinzani aandike toleo lijalo, na mwenye deni la ada ya basi amwone mweka hazina.

Ndugu yenu,
Mwanafunzi wa uzamili, uhandisi wa barabara
Bawshar, Muscat